Dakika ya Kuwakumbuka Watoto

Haya yalimfika rafiki yangu, fundi umeme, mtu asiyetia chumvi katika maneno yake. Kila mwaka majani yanapopukutika, mji wao wa kale huwakumbuka watoto waliofukiwa zamani chini ya ukumbi mkongwe. Alasiri ya kumbukumbu ya mwaka huo madirisha ya ukumbi yalifunikwa, binti yake akaketi mstari wa mbele pamoja na kwaya ya shule, na fundi akashuka chumba cha chini kuzima taa kwa dakika moja ya kimya.

"Usitugeuze popo, fundi!" mlinzi alimtania kutoka juu ya ngazi.

"Nyie nyamazeni tu, mzee. Hilo ndilo gumu kwenu."

Aliteremsha swichi kuu, akaanza kuhesabu. Alipofika ishirini alisikia nyayo ndogo zikishuka ngazi, nyingi, bila haraka. Zilimpita ubavuni, zikauelekea ukuta wa mwisho, usio na mlango. Kisha sauti ya binti yake ikauliza, "Baba, mbona huji?"

Alipapasa gizani, mikono ikaambulia hewa. Aliisukuma swichi kwa nguvu zake zote, haikutikisika. Nyayo zikafifia ndani ya mawe. Midomo yake mikavu ilipotamka sitini, swichi ilipanda yenyewe.

Alikimbia juu. Binti yake alikuwa kwenye kiti chake, macho mbele.

"Mwanangu, ulitoka?"

 Mkono wa kulia wa binti ulikuwa umenyooka pembeni kana kwamba unavutwa, na ngozi ya kiganja ikabonyea alama tano ndogo za vidole, ikaachiwa, kisha ikabonyea tena.