Goti la Uledi

Kabla mgongo wa bondia wa pambano la utangulizi haujagusa sakafu ya ulingo, alama zilikuwa zimeshatoka ubaoni: kumi kwa nane. Hakuna aliyebisha. Nyukikamera, vyombo vya kuruka vidogo kama punje za mahindi, zilikuwa zikielea juu ya kamba na kulitazama pigo lile kutoka kila upande. Nyuzi-hisi zilizofumwa ndani ya glavu zilikuwa zimepima uzito wake. Na Mizani, jaji asiye na mwili, ilikuwa imekwisha kata shauri.

Mji wa Morogoro ulikuwa na mengi ya kujivunia miaka hiyo, lakini wapenda ngumi walijivunia Mizani kuliko hata treni za sumaku zilizopita kimya chini ya milima ya Uluguru. Babu zao walikuwa wakitoka ukumbini wakitukanana, na jaji aliyempa ushindi mgeni alitolewa kwa mlango wa nyuma. Mizani haikuwa na mjomba wala shemeji. Ukipigwa, umepigwa.

Aliyeiunda alikuwa Injinia Siwema Mkude, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Jumapili hiyo alasiri alikuwa amekaa kwenye meza ya mitambo, karibu kabisa na kona ya buluu. Pambano kubwa lilikuwa la mdogo wake wa tumbo moja, Uledi, aliyekuwa akitetea mkanda wa ubingwa wa kanda. Kamisheni ya Ngumi haikuona ubaya wowote dada mtu kukaa pale, maana mashine haina undugu. Masharti yalikuwa mawili tu, asiguse kitu na asitie neno.

Siwema alipokuwa akiiunda Mizani, jambo lililomsumbua ni moja: raundi yenye kuanguka. Mshindi wa raundi hupewa kumi, na mwenzake tisa. Aliyeangushwa hupewa nane. Hapo wote walikubaliana. Lakini je, bondia aliyetawala raundi nzima, kisha akapatwa na ngumi moja, akaanguka na kuinuka? Majaji wa zamani wengine walisema apewe tisa, kwa sababu raundi ilikuwa yake isipokuwa kwa pigo lile. Wengine walisema nane, na humo ndimo ugomvi ulimokuwa ukizaliwa. Siwema aliumaliza kwa sentensi moja mbele ya Kamisheni.

"Kuanguka ni kuanguka," alisema. "Atakayegusa sakafu kwa kitu chochote isipokuwa nyayo zake, ni nane."

Wakampigia makofi. Tangu hapo mabondia wakawa hawaanguki ovyo, na kila mwaka walioanguka walipungua. Kamisheni ikatangaza kwamba ngumi zimekuwa salama, Siwema akavishwa nishani, naye akaamini. Nani asingeamini?

Mpinzani wa Uledi alikuwa Dismas Chanzi, ambaye mashabiki walimwita Mwamba kwa sababu alikuwa hajaanguka hata mara moja tangu Mizani ianze kazi. Katika raundi ya tatu Uledi alimpata kwa mkono wa kulia, na miguu ya Mwamba ikalegea kama ya mlevi. Zamani bondia aliyefikwa na hali hiyo alipiga goti kwa hiari yake. Refa akamhesabia, kichwa kikatulia, akainuka na kuendelea. Mwamba hakupiga goti. Alijishikiza kwenye kamba, akala ngumi nyingine na nyingine, lakini akabaki wima mpaka kengele. Ukumbi ulimshangilia. Mizani ikampa tisa. Siwema alitazama uzito wa mapigo yale kwenye kioo chake, akausoma tena, kisha akajiambia kwamba mtu aliyesimama yu mzima.

Raundi ya mwisho ilipoanza, Uledi alikuwa mbele kwa alama moja. Mcheza kwao hutunzwa, na ukumbi mzima ulikuwa ukiliita jina lake. Aliitawala raundi ile karibu yote. Mwamba alikuwa akipiga hewa. Kisha, ikiwa imebaki kama dakika moja, ngumi ya kushoto ambayo hakuna aliyeitazamia ikatua juu ya sikio la Uledi.

Mikono yake ikashuka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yakimtazama mtu.

"Simama!" Kocha wake, Kondo, alipaza sauti kutoka kona ya buluu. "Usipige goti, Uledi! Goti ni nane!"

Uledi akasimama. Goti lake lilitaka kukunjika, akalinyoosha. Ngumi ya pili ikampata, kisha ya tatu, naye akazidi kujinyoosha kama mwanafunzi aliyeamriwa. Refa alimtazama na kusita. Mizani ilikuwa haijaonyesha hatari yoyote, maana haikufundishwa hatari nyingine zaidi ya sakafu.

Hapo ndipo Siwema alipoelewa kwa nini mabondia walikuwa hawaanguki. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Aliinuka akasahau meza, akasahau Kamisheni.

"Uledi! Piga goti! Piga goti, mdogo wangu!"

Sauti hiyo ndiyo iliyomlea. Uledi akapiga goti.

Ubaoni zikatoka kumi kwa nane. Refa alimhesabia, Uledi akainuka, akamaliza raundi kwa kukimbia na kukumbatia. Alishindwa kwa alama moja. Baadhi ya majaji wa zamani wangempa tisa, pambano likawa sare, na sare ingemwachia mkanda wake.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Uledi alikaa na barafu kichwani. Hakumtazama dada yake.

"Dada, ungeniacha," alisema. "Ilibaki kidogo tu."

"Kilichobaki kidogo ni wewe."

"Mkanda umekwenda."

"Umekwenda," Siwema alikubali. "Na kesho wataniita kwa kutia neno. Waniite. Nitawaambia waifungue Mizani. Raundi ipimwe nzima. Aliyetawala akaanguka mara moja, apewe tisa. Na aliyezimika miguu akaning'inia kwenye kamba, naye ahesabiwe kama aliyeanguka, apewe nane."

Kocha Kondo alikuwa akikunja bandeji polepole.

"Injinia, usinichukie," alisema. "Makocha wote tunawafundisha hivyo. Kula ngumi kumi umesimama, kuliko goti moja. Mashine yako ndiyo iliyopanga bei. Sisi tumenunua tu."

Siwema alijua kwamba ilikuwa kweli.

Mlango ukagongwa. Akaingia Mwamba, mkanda mpya begani, uso umevimba lakini una tabasamu la mtu mwema. Alikwenda moja kwa moja kwa Uledi akampa mkono.

"Umepigana, ndugu yangu. Ile ngumi yako ya kulia ya raundi ya tatu nitaikumbuka mpaka nazeeka. Mama hajambo?"

"Hajambo. Hongera, kaka."

Alimwamkia kocha, akamwinamia Siwema kwa heshima, akatoka. Wakamsikia akicheka na watu kwenye ujia. Uledi kwa mara ya kwanza akatabasamu. Mwamba alikuwa mtu ambaye hata ukishindwa naye huwezi kumchukia.

Haukupita muda, mlango ukagongwa tena. Akaingia Mwamba, mkanda begani, tabasamu lile lile. Akaenda moja kwa moja kwa Uledi, akanyoosha mkono.

"Umepigana, ndugu yangu," alisema. "Ile ngumi yako ya kulia ya raundi ya tatu nitaikumbuka mpaka nazeeka. Mama hajambo?"

Bandeji ilimponyoka Kondo, ikabingirika sakafuni. Siwema alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Tangu Mizani ianze kazi, mtu huyu alikuwa hajapiga goti hata siku moja.

Uledi aliondoa barafu kichwani. Akasimama, akaupokea mkono wa mwenzake kama ndiyo mara ya kwanza.

"Hajambo, kaka," alisema. "Anakusalimu. Njoo, kaa kwanza."