Mayi mu Tanki ya Benoît

Asubuhi ile, ku kartiye ya Panda, mu Likasi, motokari ilianza kunuka samaki mubichi. Angèle alifungua milango yote, alitafuta chini ya biti: hakuna kintu. Motokari ilikuwa inalala tu mu parcelle ya nyumba, pneu zimekwisha upepo, tangu siku bwana yake Benoît alipoteaka ku lac Tshangalele. Alienda kutafuta samaki ya soko. Batu balikuta motokari peke yake pembeni ya mayi, milango imefungwa na kle. Mwili habakuiona; motokari baliikokota mpaka ku nyumba.

Angèle alikatala kilio. Hakuvaa nyeusi, hakukata nywele. "Habalilie muntu muzima," aliwaambia batu ya famille. Sasa alitaka motokari iwake, aende nayo kumutafuta bwana yake ku bijiji yote ya balobi, benye kuvua samaki.

Njo sababu alimwita Athanase, fundi ya motokari ya kartiye Kikula. Ule si fundi, ni docteur ya chuma! Eko anakunywa chai yake ku Kikula, motokari ikikohoa kule Kambove, anakuambia ugonjwa yake mbele hata chauffeur mwenyewe ayue.

"Maman, weye ikala tu mu kivuli," alisema. "Miye nilifufuaka camion ya mizigo yenye ilikufwa tangu wakati ya Zaïre. Hii ni katoto."

Hortense, yaya ya Benoît, dada yake mukubwa, alikuwa anasimama ku mulango ya nyumba. "Fufua polepole, Papa. Usiamushe na benye habakukuita."

Batri ilikuwa imekufwa. Athanase aliweka ingine. Aligeuza kle: demareri ya kuwashia inazunguka, moteur haishike. Alifungua bujie ya cheche, alipangusa, moto inaruka muzuri, ya bleu. Aligeuza tena: wapi!

"Esansi imezeeka mu tanki," alisema. "Tuitoshe inje."

Alitosha batri inje kwanza, aliiweka mbali ku majani, sababu ya cheche. Bafundi yetu banatosha esansi na tuyo ya mupira: unaingiza mu tanki, unavuta na kinywa. Athanase alikuwa anavuta bila tone moja kugusa meno; mu Likasi muzima hakuna mwingine wa vile.

Alivuta. Ikakuya mayi.

Mayi baridi, na jua ilikuwa inapasua mabati. Mayi yenye matope, na magamba ya samaki ikamubandika ku ulimi. Alitaka kutema, lakini tuyo nayo ikaanza kuvuta, yenyewe, sawa mutoto anavuta ziwa ya mama yake, ikavuta mate, ikavuta pumzi yote ya kifua, na mbele aiachilie, ile mayi ikarudi na nguvu, ikamushuka mu koo mpaka tumbo ikavimba sawa ngoma, na yeye, muntu mwenye anabeba moteur ya camion ku bega peke yake, akaanguka na magoti.

Moteur ikawaka.

Batri ilikuwa ku majani.

"Papa Athanase?" Angèle alinong'ona.

Kinywa ya Athanase ikafunguka. Midomo haitembee. Sauti yenye ilitoka mule ilikuwa ya Benoît.

"Angèle. Panda, tuende."

Mulango ya mbele ikafunguka polepole.

"Chéri!" Angèle alianza kukimbia. Hortense alimukamata mukono.

"Usimujibu! Ile ni jini ya mayi. Hatukumulilia, njo sababu ikamukamata. Lia, mayo. Lia sasa, itoke!"

"Nikilia, Yaya, ninamuua."

"Na ukipanda?"

Angèle alijivuta, mukono ikachomoka. Na sauti ilikuwa inaendelea, chini-chini, yenye kutetemeka, sawa muntu anaongea na meno inagongana, usinililie, Angèle, kule kuko baridi, niko muzima bado, usinililie, Tutu, na ile jina Tutu hakuna muntu mu dunia aliijua, Benoît alikuwa anamuita vile beye babili tu mu kitanda, na Angèle alitia muguu mu motokari, ku chini ya chuma kavu, na muguu haikukuta chuma, ikazama mpaka goti mu mayi yenye giza, na kintu kule chini, laini, ikamushika kisigino.

Alipiga kelele. Alivuta muguu, alianguka inje, alipiga mikono ku udongo.

"Benoît alikufwa ee! Bwana yangu alikufwa!"

Bamama ya Panda balisikia kilio, balikuya mbio, balipokea, balilia naye. Parcelle ikajaa. Sauti ikaomba, ikaomba, ikakuwa ndogo. Moteur ikakohoa sawa muntu anazama, ikanyamaza. Athanase akatapika mayi yenye ingejaza kisima.

Angèle aliikala mu vumbi, eko anafumua nywele yake na bidole.

"Yaya," alinong'ona, "ilikuwa yeye mwenyewe, Benoît."

Hortense alimufunika kichwa na kikwembe.

"Ninayua, mayo. Lia tu. Usiache."