Doa Kwenye Picha za Baba Pacha

"Dada, hiki kidoa kimetoka kwenye mashine yenu au kimo kwenye picha?"

Mteja alinisogezea picha ya majaribio niliyomtolea. Watoto pacha wamekaa kwenye nyasi, wamevaa kofia za kufanana, na juu yao anga jeupe. Kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, kulikuwa na kidoa cha kijivu, kidogo kama kichwa cha kiberiti.

Kile kidoa nilikuwa nakijua.

"Kimo kwenye picha, mama," nikamjibu. "Ni vumbi limeingia ndani ya kamera."

"Vumbi? Kamera ya bei mbaya vile, mwenyewe anailaza kitandani kama mtoto wa tatu, leo iingie vumbi?"

"Hizi ndogo za bei kubwa ndivyo zilivyo. Picha zake tamu, hata jioni hazina chenga, na inakaa mfukoni usiisikie. Ila lenzi yake haibanduki usafishe ndani. Ukiiwasha inachomoza, ukiizima inarudi ndani, na ikirudi inavuta hewa pamoja na vumbi lake. Vumbi likishakaa kwenye kile kioo cha ndani kinachonasa picha, kila utakayopiga litakuwa palepale."

"Halitoki?"

"Mpaka fundi aifungue yote. Wengi wakisikia gharama wanaliacha."

Akaguna. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya upole na mkoba uliojaa nguo za watoto.

"Kamera ni ya nani?" nikauliza huku nimeiinamia kompyuta, asinione uso.

"Ya baba watoto. Amesahau nyumbani memori kadi ya picha za watoto, ya kazini anayo nyingine, nikasema ngoja nije nisafishe picha nimshtukize. Jina la duka lenu nimelikuta kwenye mkoba wa kamera."

"Baba watoto anafanya kazi gani?"

Akanitazama. "Siku hizi kusafisha picha mnauliza na kazi?"

"Samahani, mama. Mdomo tu."

"Niite Mama Pacha, kila mtu ananiita hivyo. Niache kadi nirudi kesho?"

"Iache. Nitakuchagulia zilizo nzuri."

Alipotoka tu, nikavuta simu yangu. Nikafungua picha za karibuni alizonitumia Mhandisi kutoka kwenye miradi yake ya maji. Matangi, mabomba, vilima, yeye kavaa kofia ngumu kapigwa picha na mwenzake. Kwenye kila picha yenye anga, kona ya juu, mkono wa kulia, kile kidoa kilikuwepo. Hata kwenye picha zilizopigwa kamera imesimamishwa wima kilihamia kona nyingine, sawasawa na kilivyohamia kwenye za Mama Pacha.

Ngoja niwaeleze Mhandisi ni nani. Ni mchumba wangu. Tulijuana kwenye kaunta hiihii, siku aliyokuja kununua kamera ya kupigia picha za kazini.

"Hii ni nzuri," nilimwambia siku hiyo, "lakini nikwambie ukweli. Betri yake inakwisha haraka, ununue ya pili. Haivuti mbali, ukitaka sura ya mtu lazima umsogelee. Na usiiwashe kwenye vumbi."

Akacheka. "Muuzaji gani wewe unayetaja ubaya wa bidhaa yako?"

"Muuzaji asiyetaka urudi kumgombeza."

"Nitarudi hata bila kugomba."

Akarudi kweli, akarudi tena, mpaka fundi wetu akaanza kumsalimia shemeji. Akawa ananiita Muuzaji Wangu. Nilimpenda, sifichi. Nilimpenda mpaka nikawa naona hata foleni ya benki ni fupi. Na Jumamosi ya wiki ile wajomba zake walikuwa wanakuja kwa shangazi yangu, aliyenilea, kupanga siku ya ndoa.

Sasa mtu wa namna hiyo utamshika shati kwa sababu ya vumbi?

Nikampigia shangazi.

"Shangazi, kuna jambo."

"Limeanza," akasema. "Wewe sokoni unaihoji nyanya imelala wapi jana. Haya, leo unamhoji nani?"

Nikamweleza. Akanisikiliza, kisha akashusha pumzi.

"Mwanangu, mapazia nimeshayafua. Mpigie mwenyewe umuulize kwa heshima. Usianze na kesi."

Nikampigia. Ikaita mara ya kwanza, akapokea.

"Muuzaji Wangu."

"Mpenzi, hivi ile kamera umewahi kumwazima mtu?"

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Aa, ndiyo, ndiyo. Dereva wetu. Aliichukua wikendi moja mwezi uliopita, alikuwa anakwenda kuiona familia yake. Kumbe nilisahau kukwambia. Kuna nini, imeharibika?"

"Hapana. Kuna mama kaja na picha zenye doa kama la kwako."

Akacheka, kile kicheko chake cha kifuani. "Basi ni mke wa dereva. Ona ulivyo mpelelezi. Ungesomea upolisi."

"Anasema kamera ni ya mumewe."

"Dereva huyo? Juzi kawaambia watu gari la mradi ni lake. Mpenzi, usijipe presha. Jumamosi nakuja, nimeshanunua na suti ya buluu."

Nikakata simu mwili umepoa. Nilitaka kumwamini, na mtu akitaka kuamini haombi mengi. Nikamtumia ujumbe: *Nisamehe mpenzi, nakupenda.* Akajibu: *Nakujua, shaka kwako ni chakula. Nakupenda zaidi.*

Nikarudi kwenye kazi ya mteja, sasa nikiwa naimba. Saa ya ile kamera haikuwahi kuwekwa, kwa hiyo tarehe za picha zilikuwa za ovyo, zote za mwaka mmoja wa zamani. Nikawa nachagua kwa macho tu.

Picha za watoto wakitembea: vidoa vitatu, viwili vidogo chini ya kile kikubwa. Sikushtuka, kwa sababu picha za Mhandisi za mwezi uliopita nazo zilikuwa na vitatu. Wikendi ya dereva hiyo, nikajiambia.

Nikapandisha juu. Watoto wanasimama kwa kushika kiti uwanjani: vidoa viwili.

Nikaacha kuimba.

Nikapandisha tena. Watoto wanatambaa kwenye mkeka nje ya nyumba: kidoa kimoja. Nikapandisha mpaka mwanzo kabisa. Vichanga viwili kwenye shuka nyeupe mlangoni, anga nyuma yao safi, halina hata chembe.

Nikafungua za kwangu kwenye simu, kuanzia mwezi aliponunua kamera. Safi. Halafu ile safari ya machimbo ya mawe, aliponipigia akilalamika vumbi: kidoa kimoja. Halafu viwili. Halafu vitatu.

Vumbi halipungui lenyewe. Kama dereva aliazima wikendi moja ya mwezi uliopita, picha zake zote zingekuwa na vidoa vitatu. Lakini hapa watoto walikuwa wanakua na vumbi linaongezeka nao, hatua kwa hatua, kwa mwaka mzima na zaidi. Kamera ilikuwa inarudi nyumba ileile tangu siku niliyoifunga mwenyewe kwenye boksi na kumwambia karibu tena.

Nikakaa chini ya kaunta kama ninayetafuta kitu kilichodondoka, nikalia huko huko.

Kesho yake Mama Pacha akaja asubuhi. Picha zake nilikuwa nimeziweka kwenye bahasha. Sikumpa.

"Mama Pacha, jana uliniona mmbea. Leo nitakuuliza tena, halafu utajua kwa nini. Baba watoto ni dereva?"

"Dereva?" Akacheka. "Hilo neno asilisikie. Ni mhandisi wa maji, kazi yake inamzungusha. Anakuja nyumbani wikendi akipata nafasi."

"Jumamosi hii anakuja?"

"Hii hapana. Ana kikao kikubwa cha mradi, amesema hata simu huenda asipokee."

Kikao cha mradi.

"Mradi wenyewe ni mimi," nikasema.

"Sijakuelewa."

"Jumamosi mumeo anakuja nyumbani kwetu kupanga siku ya kunioa. Sikujua kuwa ana mke. Naapa sikujua, mpaka jana nilipoziona picha zako."

Uso wake ukabadilika. Ule upole ukapotea.

"Wewe binti, nimeleta picha, sikuja na tatizo. Leo umeshaijua kazi ya mume wangu na kikao chake, umeanza kunitungia hadithi? Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Angalia hii."

Nikampa simu. Picha ya kwanza ilikuwa Mhandisi na kofia yake ngumu. Ya pili ilikuwa mimi na yeye mgahawani, mkono wake begani kwangu. Akaitazama muda mrefu. Akasoma na ule ujumbe wa jana, wa shaka na chakula, midomo yake ikitembea.

"Hili shati nilimnunulia mimi," akasema.

Nikamletea kiti. Akakaa. Mimi nikabaki nimesimama, sijui niiweke wapi mikono yangu.

"Ulianza naye lini?" akauliza.

"Muda mfupi baada ya kununua kamera."

"Kamera alinunua wiki niliyojifungua. Aliniambia anataka watoto wapigwe picha nzuri, za simu zina chenga." Akaikunja leso yake, akaikunjua. "Nikawa nasikia fahari. Namwambia mama yangu, mnaona mwanaume anavyopenda watoto."

"Anawapenda," nikasema. Sijui kwa nini nilimtetea.

"Na hiyo Jumamosi anakuja peke yake?"

"Na wajomba zake wawili."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Mpaka wakati ule alikuwa hajalia.

"Wajomba?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mjomba mkubwa ndiye aliyewapa watoto wangu majina. Wiki iliyopita wote wawili walikula kwangu. Niliwapikia, nikawatandikia." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Walikuwa wanakula chakula changu wanajua wanakokwenda."

Mimi nilikuwa nimedanganywa na mtu mmoja. Yeye alikuwa amedanganywa na ukoo.

Akasimama, akachukua bahasha yake.

"Kwa shangazi yako ni wapi?"

"Mama Pacha..."

"Nielekeze tu, mdogo wangu. Usimwambie kitu. Mwache avae suti."

Nikamwelekeza. Siku zilizobaki nilikuwa namjibu Mhandisi ujumbe wake wa mahaba mmoja mmoja, *ndiyo mpenzi*, *nakusubiri mpenzi*, na kila nikituma naona nimekunywa shubiri.

Jumamosi gari likasimama nje. Nilikuwa nyuma ya pazia na shangazi. Akashuka Mhandisi na suti ya buluu, kapendeza mpaka roho ikaniuma upya. Wakafuata wajomba wawili, wenye mvi na viatu vya kung'aa. Wakabisha hodi.

Mlango akafungua Mama Pacha, aliyefika na watoto tangu asubuhi.

"Karibuni wajomba. Karibu Baba Pacha."

Hakuna aliyeinua mguu. Watoto wakamwona baba yao, wakamkimbilia kwa vile vihatua vyao vya kuyumba, wakamng'ang'ania suruali.

"Mama Pacha," mjomba mkubwa akasema, sauti imekauka, "huku umefuata nini?"

"Kikao cha mradi, mjomba. Ingieni, msikae mlangoni kama wadai."

Wakaingia kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Mhandisi akaniona. Akanisogelea upesi.

"Naomba dakika moja nje, nikueleze."

"Nieleze hapa," nikamwambia. "Mkeo naye asikie."

"Si kama unavyofikiri."

"Basi niambie ilivyo."

Akamtazama mkewe, akainama kumbeba mtoto mmoja. Mtoto akaanza kumvuta tai. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumtukana. Yote yakaniishia, nikabaki na huzuni tupu.

Mjomba mdogo akakohoa. "Nadhani hapa pametokea kutoelewana. Turudi, tutakuja siku nyingine."

"Hapana, mjomba, kaa," Mama Pacha akasema. Hakupandisha sauti. "Mmekuja kupanga siku, basi tupange. Mnanirudisha lini kwa baba yangu, na kati yenu ni nani atakayemwambia kwa nini?"

Shangazi akafunga mlango kwa ndani, akavuta kiti akakaa, akawatazama wale wazee mmoja baada ya mwingine.

"Tunasubiri," akasema.