Sekunde Kumi za Karani

Karani alikuwa akimdanganya kaka yake kuhusu saa, na kaka yake alikuwa chini ya maji. Wiki ya tatu sasa, na hakuna mtu mwingine aliyejua.

Jina hilo la Karani alipewa na kaka mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mwandiko mzuri, na daftari lake ndilo lililotunza hesabu zote za mazoezi. Asubuhi kabla ya shule alikaa kizingitini, kalamu sikioni, akimsubiri kaka arudi mbioni na mfuko wa mchanga mgongoni. Aliandika: kilo ishirini, dakika hamsini na mbili. Kisha alihesabu pushapu, akaziandika nazo. Kaka alioga, akanywa chai, akaenda kwenye ghala la mbao alikokuwa mpakiaji. Karani akaenda shule.

Kaka alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alitaka kuwa komando. Si askari wa kawaida, komando. Mtaani walimwita Jenerali. Akipita mbio, muuza mkaa alimpigia saluti na kumwuliza kama vita imeanza. Kaka akajibu kwamba bado.

"Ikianza, anzia jikoni kwangu," muuza mkaa alisema. "Mle kuna panya mwenye cheo kukushinda."

Watu walicheka na kaka alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Siku ya kuandikisha vijana jeshini ilikuwa inakaribia. Pale ghalani mpakiaji mwenzake alimwambia kwamba makomando huzamishwa majini dakika tatu, na anayeibuka kabla hurudishwa kwao. Msemaji mwenyewe hakuwahi kuvaa hata buti la jeshi, ila alisema bila kupepesa macho, na kaka akaamini. Ndipo mazoezi ya majini yakaanza.

Walifanyia nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, saa kumi na moja jioni. Palikuwa na tangi la zege, wazi juu, lenye ngazi ya chuma ndani na bomba la kutu lililoshuka ukutani hadi chini. Maji yalimfika kaka kifuani. Yangemfika Karani kidevuni, lakini yeye hakuingia. Alikaa ukingoni na saa ya mama yenye mshale wa sekunde, na spana kubwa mkononi. Kaka alijifunga mfuko mdogo wa mchanga kiunoni ili asielee, akavuta pumzi, akakaa chini. Kila nusu dakika Karani alipaswa kugonga bomba mara moja kwa spana. Mlio ulimfika kaka chini kule, naye aliinua kidole gumba kuonyesha kwamba yu salama.

Amri zilikuwa mbili. Mama asijue. Na Karani asimguse, hata aone nini.

Siku ya kwanza Karani aligonga kwa haki. Pigo la kwanza, kidole kikainuka. Pigo la pili, hakikuinuka. Karani aliinama juu ya maji yale ya kijani, akikitafuta. Kidole kilipoinuka hatimaye kilikuwa kinatetemeka, na kaka alipoibuka midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Usiku ule Karani hakula. Hakuweza kumwambia mama, maana ameapa. Hakuweza kumkataza kaka, maana angechekwa. Akapata njia ya katikati, na siku hiyo aliiona ni njia ya huruma: badala ya kugonga kila baada ya sekunde thelathini, akawa anagonga kila baada ya ishirini.

Kaka akaanza kuvunja rekodi. Mapigo matatu, mapigo manne. Mwisho akafika matano, akatoka majini akicheka na kumrushia Karani maji usoni.

"Dakika mbili na nusu, Karani. Andika kwa wino mzito."

Karani aliandika mbili na nusu. Saa ya mama ilikuwa imesema dakika moja na sekunde arobaini.

Uongo ule ulizaa mwingine. Mama alikuwa dobi, na dobi husoma nguo kama mwalimu anavyosoma insha. Aliinusa bukta ya kaka na kuuliza kwa nini ina harufu ya kutu. Karani akasema ni jasho. Mama akamtazama kidogo, akasema kwamba katika miaka kumi na tano ya kufua hajaona jasho la chuma, kisha akaendelea kupiga pasi.

Hata spana ilikuwa ya kuazima. Mwenyewe ni fundi baiskeli aliyeitwa Mzee Pancha, ambaye kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, ng'ambo ya ukuta wa kiwanda. Alichechemea mguu wa kushoto. Ilijulikana kuwa zamani alikuwa jeshini, lakini watu walisema alikuwa mpishi, naye hakujisumbua kubisha. Karani alimwambia anaitaka spana ya kugongea misumari.

"Spana haigongi msumari, mjukuu wangu," Mzee Pancha alisema. Alikuwa ameutia mpira wa baiskeli kwenye beseni la maji, akitafuta mapovu yanapotokea. "Unaona huu? Hauna aibu. Ukiutia majini unasema tundu liko wapi. Binadamu ndiye anayeficha. Haya, chukua, utanirudishia."

Karani alitaka kusema, lakini aliichukua spana akaondoka.

Zilipobaki siku nne kabla ya kuandikishwa, kaka alikuja tangini na saa nyingine, ya plastiki nyeusi, isiyoingia maji. Ameiazima kwa mwenzake wa ghalani. Aliitega ilie baada ya dakika tatu.

"Leo hakuna kugonga," alisema. "Mlio wako unanitoa mawazoni. Hii itanipigia yenyewe."

Karani aliitazama saa ile. Hesabu ilijipanga kichwani bila kuitwa. Dakika tatu za kweli. Na kaka hajawahi kufika mbili.

"Kaka, tuanzie mbili."

"Mbili nilishapita, we vipi? Daftari unaandika mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Palikuwa padogo tu, upana wa pumzi moja. Karani alifungua mdomo, akauona uso wa kaka ulivyojaa furaha, akaona haya. Kaka akashika pua, akazama.

Nusu dakika. Dakika moja. Maji yalitulia mpaka Karani akaona kivuli cha kichwa chake mwenyewe juu ya kichwa cha kaka. Dakika moja na sekunde arobaini. Kaka alikunja mabega, kifua kikamruka mara moja, mara mbili, kama mtu mwenye kwikwi, lakini hakuinuka. Kwa nini ainuke? Mwili ulipokataa, alijiambia kwamba jana ulikataa pia na bado ulifika mbali zaidi.

Dakika mbili. Kifua kikaacha kuruka. Mapovu yakapanda, mengi kwa pamoja, kisha moja moja, kisha basi.

Karani aligonga bomba. Hakuna kidole. Akagonga tena kwa nguvu mpaka kutu ikamrukia machoni. Mkono wa kaka ulikuwa umefunguka na kuelea kando, kama glavu tupu.

Amri ilisema asimguse. Karani aliruka na nguo zake za shule.

Maji yalimfika kidevuni kweli. Alimshika kaka kwapani akavuta, kaka hakuja; mfuko wa mchanga ulimng'ang'ania. Akazama, akaitafuta kamba kwa vidole. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza. Akalichimba kwa kucha, ukucha ukang'oka, hakuhisi. Fundo likaachia. Akaupata uso wa kaka juu ya maji, akaupumzisha begani kwake, akarudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi. Zaidi ya hapo hakuweza. Kumpandisha hakuweza, kumwachia hakuweza, na akipiga kelele maji yaliingia mdomoni.

Spana ilikuwa ukingoni. Aliifikia kwa ncha za vidole. Akapitisha mkono mmoja kwenye ngazi huku amemkumbatia kaka, na kwa mkono mwingine akaanza kulipiga bomba. Hakuhesabu sekunde. Alipiga tu.

Mzee Pancha alisimulia baadaye kwamba kila jioni kwa wiki tatu alisikia pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, na alidhani ni watoto. Jioni ile alipousikia mlio umevurugika, aliangusha baiskeli ya mteja barabarani. Mtu aliyechechemea namna ile hakutarajiwa kuruka ukuta, lakini aliuruka. Alimvuta kaka kwa kola, taya likagonga zege, akamlaza. Hakumuuliza Karani kitu. Aliinua kidevu, akabana pua, akapuliza. Akapuliza tena. Karani alisimama pembeni akidondosha maji, na meno yake yalikuwa yanapiga kelele ambazo hakuweza kuzizuia.

Kaka alikohoa alipopulizwa mara ya sita.

Hospitali walimwekea hewa ya oksijeni, kwa kuwa maji yalikuwa yameingia mapafuni. Daktari alisema kwamba nusu dakika zaidi, na wangekuwa wanaongea mambo mengine. Mama alikuja akiwa ameiacha pasi imewaka nyumbani, ikabidi muuza mkaa akimbie kuizima. Hakulia. Alishika vidole vya miguu ya kaka juu ya shuka, kimoja baada ya kingine, kama alivyofanya siku aliyomzaa.

Siku ya pili kaka alipoweza kusema, neno la kwanza lilikuwa swali.

"Juzi nilifika mbili na nusu. Imekuwaje?"

Mama na Mzee Pancha walikuwapo. Karani alitamani sakafu ifunguke. Alikumbuka pale padogo pa kusemea alipopapita, akajua kwamba akipapita tena hataweza kulala maisha yake yote.

"Hukufika," alisema. "Nilikuwa nagonga kila sekunde ishirini. Niliogopa utakufa. Nilitaka utoke mapema."

Kaka aligeuzia uso ukutani. Mama alivuta pumzi ndefu, kisha akamvuta Karani kando yake, si kwa upole sana.

"Na mimi niliuona ule uongo wa jasho," mama alisema, "nikasema nitaufuatilia nikimaliza nguo za watu."

Mzee Pancha alikohoa. Alieleza, kwa ufupi kama anayesoma risiti, kwamba jeshini hakuwa mpishi. Alikaa miaka kumi na tisa kwenye kikosi cha wazamiaji, na kazi yake ilikuwa kushika kamba aliyofungwa mzamiaji na kuhesabu muda wake. Hakuna mtu aliyezama bila kamba, wala peke yake, wala kabla ya daktari kumpima. Na hiyo ya dakika tatu aliisikia hapo kwa mara ya kwanza.

"Tena hakuna anayetoka mtaani akaingia ukomando," alisema. "Unaingia jeshi kama wenzako. Unafagia, unalinda, unatii, miaka. Wakikuona unafaa, wakakuchagua, wao ndio watakufundisha maji. Wewe lete miguu, mapafu mazima na akili. Ungeniuliza ningekwambia, lakini nani amuulize mzee wa pancha?"

Kaka hakugeuka, ila masikio yake yalikuwa yanasikiliza.

"Sasa wewe, mjukuu wangu," Mzee Pancha alimwambia Karani. "Kwenye kamba, anayehesabu ndiye mkubwa. Hata jenerali akiwa majini, anayehesabu akisema toka, anatoka. Ulikuwa na haki ya kusema naogopa, sitahesabu tena, namwambia mama. Hiyo ingekuwa huruma. Kumpunguzia mtu sekunde ni kumfanya ajione ana nguvu asizonazo. Uongo wa mapenzi nao ni uongo, na maji hayaulizi ulidanganya kwa nia gani. Wewe ulificha, kaka yako akaficha. Mimi nilijua spana haigongi msumari, nikanyamaza. Kila mmoja alificha kidogo tu."

Ndipo kaka alipogeuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Leta daftari," alisema. "Lirekebishe lote. Kwa wino mzito."

Karani alilirekebisha akiwa amekaa kwenye benchi la wodi, mistari kumi na minane, kila mmoja kwa hesabu yake ya kweli. Kisha, siku kaka aliporuhusiwa kutoka, akafungua ukurasa mpya, na bila kuagizwa na mtu akaandika gharama.

Siku sita za wodi. Jino moja la mbele la kaka, lililovunjika ukingoni. Ukucha mmoja wa Karani. Wiki nane bila kukimbia wala kubeba mbao, kwa amri ya daktari. Siku ya kuandikishwa, iliyopita kaka akiwa kitandani. Mwaka mmoja wa kusubiri nyingine.

Na sekunde kumi, kila pigo.