Maziwa Yapande Mara Tatu

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ni kusimamia maziwa. Muuzaji huyaleta mabichi hadi mlangoni petu, mtaa wa Ndia Kuu. Mama huyatia sufuriani na kunikumbusha, "Munazza, yapande mara tatu." Yakipanda unapunguza moto, yakishuka unauongeza. Hakuna kazi inayonichosha kama hiyo.

Jumamosi moja niliamka na hasira zangu. Mwalimu Kalama alikuwa amenirudishia insha kwa mara ya pili. Swali lilikuwa: historia ingekuwaje kama mwanasayansi Louis Pasteur asingezaliwa? Nilikuwa nimeandika kwamba watu wote wangekufa. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Wote? Hebu fikiri!" Nifikiri vipi huku nimeyakodolea macho maziwa? Yalipoanza tu kutoa mvuke nikazima jiko, nikakimbilia daftari langu.

"Yamepanda mara tatu?" Mama akauliza kutoka chumbani.

"Ndiyo, Mama."

Akayapoza, akatia sukari, iliki, arki ya waridi na barafu. Ilikuwa sharubati ya akika, karamu ya kumwombea mtoto mchanga, ya mjukuu wa jirani yetu, Bi Mwanakhamis. Mama akaibeba ndoo yake, akaenda.

Nikaendelea kuandika. "Bila Pasteur, huenda watu wangechelewa kujua kwamba maziwa huharibiwa na vijidudu visivyoonekana, na kwamba moto huviua. Watoto wengi wangeugua..." Mkono ukasita. Watoto waliokwenda kwenye akika walikuwa wangapi? Nilitoka mbio bila viatu.

Nilimkuta Mama ukumbini kwa Bi Mwanakhamis, anajaza gilasi ya kwanza.

"Mama, usiwape! Sikuyachemsha!"

Wageni wote wakanigeukia. Mama alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akaichukua ndoo, akaenda kuimwaga yote. Bi Mwanakhamis akaagiza ndimu, watoto wakatengenezewa kinywaji kingine.

Tuliporudi nyumbani Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nimeaibika mbele za watu, Munazza," alisema. "Uliniongopea. Ila umekuja ukasema kweli kabla hawajanywa, na kwa hilo namshukuru Mungu."

"Nisamehe, Mama. Ni hii insha ya Pasteur, imenichosha kabisa."

"Usimsingizie Pasteur! Bibi yangu hakumjua hata kwa jina, na maziwa akiyachemsha."

"Sasa Pasteur alifanya nini?" niliuliza, karibu nilie. Hata insha yangu ya tatu ilikuwa imeharibika, maana kumbe maziwa yalichemshwa hata bila Pasteur.

"Alitueleza sababu, watu wengi wakapona. Lakini elimu haisimami jikoni peke yake, mwanangu. Lazima awepo mtu wa kuifuata, hata akiwa amechoka, hata kama hakuna anayemwona. Pasteur alizaliwa, akafanya kazi yake akamaliza. Leo asubuhi ilikuwa zamu yako."