Mwenye Ng'ombe na Anayemlisha

— Anwar, mama yangu umeshamfuta. Nifute na mimi, tujue moja!

Eunike akakata simu. Nikabaki na chumba changu cha Kiboriloni, mjini, na kompyuta yangu, mimi mjuaji mkubwa.

Nilikuwa nimetengeneza mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wanachama wa chama cha maziwa cha kijijini kwa kina Eunike, huko mlimani. Kabla sijaanza, Eunike, katibu wa chama na mchumba wangu, alinionya:

— Huku kwetu mwenye ng'ombe ni mmoja, anayemlisha ni mwingine. Usiwachanganye.

— Mpenzi, usiniongezee kazi. Ng'ombe mmoja, mtu mmoja, basi.

Siku ya mkutano ikasomwa orodha ya wanachama. Mama yake, Elifuraha, hakuwemo. Miaka tisa amebeba majani kichwani kumlisha ng'ombe wa shemeji yake anayeishi mji wa Kwa Sadala. Kwa desturi ya huko, maziwa na mbolea ndiyo haki ya anayelisha. Mfumo wangu ulimjua shemeji tu. Mama akainuka, akatoka mbele ya watu wote.

Wiki tatu nilituma meseji: "Eunike, nisamehe." Nikawa nakula peke yangu na kuongea peke yangu. Upweke uliniuma jamani, msicheke.

Mwishowe nikapanda mlimani na daftari, nyumba kwa nyumba. Ng'ombe ni wa nani? Nani anamlisha? Nani anamkamua? Ndipo nikaelewa kwamba kazi ilitakiwa ianzie kwa watu, kujua wao wanamaanisha nini wakisema "ng'ombe wangu." Nikaubomoa mfumo, nikatenganisha mwenye mali na mtunzaji, kila mmoja na haki yake.

Nikabisha hodi kwa kina Eunike.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Sasa nimo?

— Umo, mama. Mtunzaji, miaka tisa.

Akafuta macho kwa khanga, akaingia jikoni. Eunike akabaki mlangoni.

— Kwa hiyo umewauliza watu wote?

— Nyumba thelathini na nane.

— Na mimi je? Umenipangia nyumba mjini, umenipangia kazi, hadi tarehe ya harusi umepanga. Uliniuliza lini ninachotaka?

Kweli sikuwahi kumuuliza.

— Unataka nini, Eunike?

Akanitazama mpaka nikaogopa.

— Mwaka mzima nalisubiri swali hilo, akasema, akanisogezea kigoda. Kaa. Nina mengi.