Jino la Jumbe Stambuli

Siku ile mjinga alikuwa Maneno, na alikuja kukiri mwenyewe mbele za watu: aliapa uongo, kisha akacheka kuliko watu wote wa matanga.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma walipofika kivuko cha mto chini ya kijiji cha Mkuyuni, yeye na rafiki yake Kibwana, wakakuta wanawake wenye mitungi wanapiga mayowe. Jumbe Stambuli, mkuu wa kijiji, alilala kifudifudi kwenye maji ya magoti, kisogo kimepasuka. Jiwe lenye damu lilikuwa ukingoni.

"Tumefika pabaya, bwana," Kibwana alinong'ona.

Wote wawili walikuwa wapagazi, mpaka garimoshi lilipofika Morogoro likawanyang'anya mizigo. Sasa walikuwa wakielekea Matombo na chumvi ya kuuza, wakipita vijiji vilivyojikunyata kimya chini ya milima ya Uluguru. Kibwana aliifupisha njia. Mtu yule akikuona mara moja tu, amekuiba. Alimwigiza Mgiriki wa duka la Morogoro akinusa tumbaku. Alimwigiza mama wa Kiroka alivyowafukuza kwenye ndizi zake. Maneno alicheka mpaka chumvi ikamwagika. Walilala Kiroka, na alfajiri Kibwana akasema, "We konokono, natangulia nikatafute uji." Maneno alimkuta baadaye amekaa kando ya njia, karibu na mto, kikoi kimelowa mpaka kiunoni. Uji hakuupata. Umande wa huku, alisema, ni mvua.

Ombasha Rehani, askari wa Wadachi aliyekuja kijijini kukusanya watu wa kazi, aliwahoji palepale.

"Mmetoka wapi?"

"Kiroka, effendi," Maneno alidakia. "Tumeongozana hatua kwa hatua."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mgongo wake ulikuwa na makovu ya viboko hamsa ishirini vya boma, nao ulimfundisha kwamba mgeni aliyetembea peke yake ana hatia kabla hajaulizwa.

"Na wewe, ulimjua marehemu?"

"Sijapata kumwona, effendi," alijibu Kibwana, "ila leo, maiti."

Ombasha aliwaachia, maana mtu wake alikwisha kumpata: Gabrieli, mpwa wa marehemu.

"Jana uligombana na mjomba wako?"

"Niligombana. Shamba la mama yangu aliwapa Wadachi walime pamba."

"Akifa, mrithi nani?"

"Kwetu hurithi mpwa."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Mlimani, kwenye mitego yangu."

"Nani alikuona?"

"Ngedere," Kibwana alisema pembeni, na wawili watatu wakacheka. Gabrieli akafungwa kamba. Kesho angepelekwa Morogoro, na kila mtu alijua kuwa huko kitanzi hakikawii. Mama yake, Scholastika, dada wa marehemu, hakulia. Alikaa tu chini, karibu na ile kamba.

Alasiri wakazika. Ukoo wa Kibwana na ukoo wa marehemu ni watani, na Waluguru hawaziki bila mtani. Basi Kibwana akajilaza kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka mpaka aahidiwe kuku. Udongo uliporudishwa, wanawake wakapaza sauti: "Mtani, tuigizie marehemu!"

Kibwana akatunisha tumbo, akashika shavu la kushoto kwa kiganja, akatembea kwa madaha na kusema kwa upande mmoja wa mdomo: "Nataka watu wa pamba! Aii! Wa pamba, nasema!"

Matanga yakaangua kicheko. Maneno alicheka hadi akakaa chini.

Mjane, Mwaisha, alicheka pia, kisha kicheko kikageuka kilio. "Ndivyo alivyotoka, masikini! Jino lile, hata maji lilimkataza!"

Maneno akaacha kucheka. Akamsogelea.

"Pole, dada. Jino lilimsumbua siku nyingi?"

"Hata. Alilala mzima, akaamka nalo leo."

"Alipotoka nani alimwona?"

"Mimi tu. Watu wamelala bado."

"Umemsimulia nani?"

"Nimsimulie nani, nami tangu asubuhi ni kulia tu?"

Maneno alitaka kunyamaza. Rafiki ni rafiki, na mgongo ni mgongo. Akamtazama Gabrieli, kamba imemla mikono, akaenda kwa ombasha.

"Effendi, niliapa uongo. Kibwana alitangulia peke yake."

Kibwana akacheka. "Maneno, watani ni sisi. Wewe umeanza lini?"

"Shavu lile umeliona wapi?"

"Nimebahatisha."

"Wewe hubahatishi, unaiga ulichokiona. Maiti haishiki shavu, Kibwana. Uliyemwona alikuwa hai. Na umande haupandi mpaka kiunoni."

Kibwana akautupa chini mpini wa jembe aliokuwa ameushika.

"Alinikuta mtoni. 'Mimi ndiye Jumbe Stambuli,' akaniambia, 'nibebe univushe.' Aniambie mimi! Mdogo wangu Kasiani alioa kijiji hiki. Wadachi walipotaka watu, Stambuli alimficha mwanawe akamtoa Kasiani. Kasiani hakurudi. Lilirudi blanketi." Sauti ikampanda. "Nani hapa hakumlaani? Nimewatua mzigo, nanyi mnanitia mkononi mwa Mdachi! Na wewe, Maneno, mwenye makovu yao mgongoni!"

Maneno machozi yalimtoka. "Ungeniambia ningekuficha. Lakini Gabrieli anyongwe, wewe unakula kuku wa utani?"

"Gabrieli ni damu yake. Yangu ilikwenda, na yao iende."

Scholastika akainuka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kaka yangu alimtoa mtoto wa mwenziwe ili wake apone," alisema. "Nawe umemtoa wangu ili upone wewe. Kumbe hukumwigiza shavu tu, mtani. Umemwigiza mzima mzima."